Kabla ya Kulipa Karo: Mwongozo Kamili wa Namna Vyeti vya Ufundi na vya Uzamili Vinavyopata Idhini

Fundi wa Matondoni aliyeunda majahazi tangu ujana wake bila kuwa na karatasi yoyote, kijana wa Malindi anayetafuta cheti cha upishi ili aajiriwe hotelini, mwalimu wa Lamu anayetaka shahada ya uzamili, na mhitimu aliyerudi nyumbani kutoka Khartoum au Madina akiwa na shahada iliyoandikwa kwa Kiarabu, wote wanakabiliwa na swali lile lile: cheti hiki kimetolewa na nani, na huyo aliyekitoa amepewa mamlaka na nani? Nusu ya kwanza ya swali huulizwa na kila mtu. Nusu ya pili ndiyo huachwa, na ndiyo inayoamua kama mwajiri, chuo kikuu au bodi ya taaluma itakipokea cheti hicho au itakirudisha.

Mwongozo huu umepangwa kwa ajili ya mtu aishiye Lamu au Malindi, ambaye ofisi nyingi zinazohusika ziko mbali naye. Makao makuu ya karibu vyombo vyote yako Nairobi, na safari ya kutoka kisiwani, kwa boti hadi Mokowe kisha kwa basi kupitia Garsen, ni ya gharama na ya kuchosha. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba kazi ya kuhakiki ifanywe mapema, kwa simu, kwa barua pepe na katika orodha ambazo vyombo vyenyewe huzichapisha mtandaoni, kabla ya shilingi ya kwanza ya karo kutoka mfukoni.

Hatua ya kwanza: tenganisha mambo matatu

Usajili wa chuo, ithibati ya kozi na utoaji wa cheti ni mambo matatu tofauti, na mara nyingi hufanywa na vyombo vitatu tofauti. Usajili unathibitisha kwamba chuo kipo kisheria na kina majengo, vifaa na wakufunzi wa kuendeshea mafunzo. Ithibati ya kozi inathibitisha kwamba mtaala fulani, katika ngazi fulani, umekaguliwa na kuonekana unafaa. Utoaji wa cheti ni kitendo cha mwisho, ambapo chombo chenye mamlaka ya kutathmini kinatamka kwamba mwanafunzi huyu amefikia kiwango kilichowekwa.

Chuo chaweza kuwa kimesajiliwa vizuri kabisa na bado kikafundisha kozi isiyo na ithibati. Chaweza pia kuwa na kozi yenye ithibati lakini wanafunzi wake wasiandikishwe kwa tathmini, wakamaliza mwaka mzima na kuondoka na cheti cha chuo chenyewe tu, ambacho hakiingii katika mfumo wa kitaifa. Hasara kubwa zinazowapata wazazi wetu hutokea hapa: wanaonyeshwa hati ya usajili iliyotundikwa ukutani, wanaridhika, na hawaulizi mambo mawili yaliyobaki. Basi mtu anapokwenda kuulizia nafasi, aulize maswali matatu kwa mpangilio huu na aombe jibu la kila moja kwa maandishi: chuo kimesajiliwa na nani na kwa nambari gani, kozi hii, kwa jina hili na ngazi hii, imeidhinishwa na nani, na mwishoni ni chombo kipi kitakachonitathmini na ambacho jina lake litaandikwa juu ya cheti changu.

Hatua ya pili: ijue ngazi unayoiendea

Kenya ina mfumo mmoja wa kitaifa wa sifa za elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014 na kusimamiwa na mamlaka iitwayo kwa kifupi KNQA. Mfumo huo una ngazi 10. Elimu ya msingi na cheti cha sekondari ndizo ngazi mbili za chini. Vyeti vya ufundi huanzia ngazi ya 3 na kupanda hadi stashahada, ambayo ni ngazi ya 6. Shahada ya kwanza ni ya 7, stashahada ya uzamili ni ya 8, shahada ya uzamili ni ya 9 na ya uzamivu ni ya 10. Ukubwa wa kozi hupimwa kwa krediti, ambapo krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikihesabiwa pamoja saa za darasani, za karakana na za kujisomea.

Ngazi ya 8 na ya 9 zinahitaji uangalifu wa pekee. Stashahada ya uzamili husomwa baada ya shahada ya kwanza na ina thamani yake, hasa kwa mtu aliyesomea fani moja na kutaka kuingia nyingine, kama mhitimu wa sayansi anayetaka kuwa mwalimu. Hata hivyo si shahada ya uzamili, na tangazo linaloyachanganya majina hayo mawili lisiaminiwe.

Jambo jingine ambalo watu wachache huambiwa ni kwamba nambari za ngazi hazifanani duniani. Uingereza, katika mfumo wake wa sifa zinazodhibitiwa, ina ngazi za 1 hadi 8 juu ya zile za kuanzia, na huko ngazi ya 7 ni kiwango cha uzamili, ilhali ngazi ya 7 kwetu ni shahada ya kwanza. Mtu wa Malindi anayesoma kwa mtandao na kupata diploma ya Uingereza ya ngazi ya 7 aelewe mambo mawili kwa pamoja: kwanza, kwamba ugumu wa masomo yake ni wa kiwango cha uzamili kwa vipimo vya huko; pili, kwamba diploma hiyo, kwa kuwa haikutolewa na chuo kikuu kama shahada kamili, haimfanyi kuwa na shahada ya uzamili, wala huko Uingereza wala hapa.

Hatua ya tatu: jua ni mlango upi wa kubisha

Upande wa ufundi, mlango wa kwanza ni TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya elimu na mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013. Hiyo ndiyo inayosajili na kutoa leseni kwa vyuo vya ufundi, vya umma na vya binafsi, na inayotambua wakufunzi. Vyuo anuwai vya mashinani viko chini ya serikali za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, lakini umiliki wa kaunti hauondoi haja ya usajili huo. Chuo cha kaunti ya Lamu au ya Kilifi kinapaswa kuonyesha nambari yake kama chuo kingine chochote.

Wanaotathmini na kutoa vyeti ni zaidi ya mmoja, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, ambalo wengi hulijua kwa mitihani ya shule, limekuwa kwa miaka mingi likitoa pia vyeti vya ufundi na stashahada za biashara na teknolojia. Baraza la TVET CDACC, lililoundwa na sheria ile ile ya 2013, linaandaa mitaala ya umilisi, yaani inayopima kama mwanafunzi anaweza kuifanya kazi yenyewe, linatathmini na kutoa vyeti vya mitaala hiyo. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ndiyo inayoendesha mitihani ya ufundi ya serikali ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo mafundi umeme, seremala, washonaji na makanika wetu wameizoea. KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, inashughulikia taaluma za uhasibu na nyinginezo za karibu yake. Kwa kuwa vyuo vimekuwa vikihamia mitaala ya umilisi, mwanafunzi anayejiandikisha sasa asichukue tu kwamba atafanya mtihani alioufanya kaka yake katika chuo hicho hicho; aulize.

Upande wa vyuo vikuu mlango ni mmoja: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoko chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ambayo ilirithi kazi ya tume iliyotangulia ya mwaka 1985.

Hatua ya nne, kwa wanaosomea ufundi: elewa tathmini ya umilisi

Mtaala wa umilisi hauanzii darasani. Huanzia kwa wenye kazi, yaani waajiri na mafundi wa sekta husika, ambao huketi katika kamati na kueleza mtu wa kazi hiyo anapaswa kuweza kufanya nini na kwa kiwango gani. Maelezo hayo huwa viwango vya kazi, na kutoka katika viwango hivyo ndipo mtaala na zana za tathmini zinapoandikwa. Kozi hugawanywa katika vitengo: vya msingi kama mawasiliano, vya pamoja kwa sekta nzima, na vya kazi yenyewe.

Mwanafunzi hutathminiwa kitengo kwa kitengo, kwa nadharia na kwa vitendo, na ushahidi wa kazi zake hukusanywa katika jalada. Mkufunzi aliye mtathmini wa ndani hufanya sehemu yake, kisha mhakiki wa nje, asiye mfanyakazi wa chuo, hukagua kama haki imetendeka. Matokeo hayazungumzii kumpita mwenzako. Yanasema amemudu au bado hajamudu, na asiyemudu kitengo kimoja hurudia hicho tu. Nauona utaratibu huu kuwa wa haki zaidi kwa mtu mwenye mikono hodari kuliko mtihani mmoja wa saa tatu, ila unamtaka mwanafunzi alinde jalada lake. Picha za kazi, karatasi zilizotiwa saini na msimamizi wa mafunzo kazini, tarehe na mahali: vitu hivi vikipotea, ushahidi umepotea.

Hatua ya tano, kwa fundi mwenye ujuzi bila cheti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linaigusa Lamu kuliko sehemu nyingi za nchi. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kilichouweka pale ni kazi ya mikono: milango ya nakshi, nyumba za mawe ya matumbawe, dari za boriti, chokaa iliyochomwa na kupigwa. Waundaji wa majahazi wa Matondoni, wachonga nakshi wa mjini na waashi wa chokaa walijifunza kwa baba na ami zao. Ujuzi huo ni wa kiwango cha juu, lakini zabuni ya ukarabati inapotangazwa na kutaka vyeti, fundi huyo huishia kuwa kibarua chini ya mtu aliyejifunza kwake.

Njia iliyowekwa ni utambuzi wa mafunzo ya awali, ambao KNQA inauratibu kisera na ambao hufanywa katika vituo vilivyoidhinishwa. Utaratibu wake huenda hivi. Fundi hufika kituoni na kueleza kazi anayoijua; mshauri humsaidia kuilinganisha na viwango vya kazi vilivyopo na kuchagua ngazi inayomfaa. Kisha hukusanya ushahidi: picha za kazi alizozifanya zikiwa na mahali na mwaka, barua za wateja au wenye nyumba, barua ya fundi mkuu aliyemfunza, mikataba ikiwa ipo, hata michoro. Baada ya hapo mtathmini anayeijua kazi hiyo humhoji na kumtazama akifanya kazi. Mahojiano hayamlazimu mtu awe msomi. Yanamtaka aeleze kwa nini anafanya afanyavyo, kwa mfano kwa nini mbao za taruma, yaani mbavu za jahazi, huchaguliwa kutoka mti uliojipinda wenyewe. Akionekana amemudu, hupewa cheti cha ngazi hiyo. Akiwa na pengo, huelezwa ajifunze kitengo gani.

Ugumu ni kwamba kazi nyingine za asili huenda zisiwe na kiwango cha kazi kilichoandikwa kwa jina lake. Katika hali hiyo fundi wa majahazi aulize kuhusu useremala, na mpigaji chokaa aulize kuhusu uashi, huku vyama vya mafundi vikipeleka ombi la pamoja la kuandikwa kwa viwango vya kazi zao. Ombi la kikundi husikika zaidi kuliko la mtu mmoja mmoja, na wazee walio hai leo ndio wenye maarifa ya kuviandika viwango hivyo.

Hatua ya sita, kwa wanaoelekea uzamili

Chuo kikuu hakipati haki ya kutoa shahada kwa kujengwa tu. Chuo cha binafsi kwa kawaida huanza na barua ya idhini ya muda kutoka CUE, na baadaye, kikitimiza masharti, hupewa hati idhini na Rais. Jirani yetu, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu 2007 kabla ya kupata hati yake mwaka 2013.

Hata chenye hati hakina ruhusa ya kufundisha lolote. Kila programu ya uzamili huandaliwa na idara, hupitishwa na seneti, kisha hupelekwa CUE, ambako wataalamu wa fani hiyo kutoka vyuo vingine huupitia mtaala na kukagua kama chuo kina wahadhiri wenye shahada za uzamivu, maktaba na maabara za kutosha. Mwombaji anayeishi Lamu, ambako Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina bewa, au Malindi, aitafute programu yake kwa jina kamili katika orodha ya CUE, na aulize pia kama imeruhusiwa kufundishwa katika bewa atakalohudhuria, kwa kuwa rasilimali za makao makuu si rasilimali za bewa.

Ukishaingia, fahamu shahada inavyopatikana hadi mwisho. Mwanafunzi hupewa wasimamizi, huandika pendekezo la utafiti na kulitetea, huomba leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kabla ya kwenda kukusanya data, kisha huandika tasnifu. Tasnifu husomwa na watahini wa ndani na mtahini wa nje anayetoka chuo kingine, na huyu wa nje ndiye kinga ya thamani ya shahada yenyewe, kwa sababu hana deni kwa idara. Baada ya utetezi na marekebisho, bodi ya uzamili hupendekeza, seneti huidhinisha, na shahada hutunukiwa katika mahafali. Mpaka seneti iidhinishe, mtu hana shahada, hata kama tasnifu yake imesifiwa na kila msimamizi. Wapo wanafunzi wengi wanaokwama kati ya utetezi na seneti kwa sababu ya marekebisho yasiyowasilishwa au karo iliyobaki. Fuatilia barua kwa barua.

Hatua ya saba: vyeti kutoka nje

Vyombo vya kigeni vya ufundi vina historia ndefu hapa. City & Guilds ya London ilianzishwa mwaka 1878, na Pearson, chombo kingine cha Uingereza, hutoa vyeti vya ufundi viitwavyo BTEC. Chombo cha aina hii hakifundishi. Kinakubali vituo, kinaweka viwango, kinatuma wahakiki na kutoa vyeti. Kwa hiyo uhakiki ni wa pande mbili: chombo chenyewe kiwe kinatambuliwa na msimamizi wa kwao, ambaye kwa Uingereza ni Ofqual, mwenye daftari la sifa lililo wazi kwa kila mtu; na kituo cha Malindi au Mombasa kiwe kimesajiliwa na TVETA na kimekubaliwa na chombo hicho kwa kozi ile ile unayoitaka. Kuhusu shahada, sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inafanya kuwa kosa kutoa shahada ya huko bila mamlaka, na serikali huchapisha orodha ya wenye mamlaka hayo. Jina lenye fahari si ushahidi.

Anayerudi na shahada ya nje hupeleka ombi la kutambuliwa na kulinganishwa kwa CUE. Hutakiwa nakala zilizothibitishwa za shahada na matokeo ya kila somo, cheti cha sekondari na kitambulisho au pasipoti. Hati za Kiarabu zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Tume huwasiliana na chuo kilichotoa shahada, nayo hatua hii ndiyo huchukua muda. Waliosoma Sudan wamepata taabu zaidi tangu vita vilipozuka Aprili 2023, na kwao nashauri wakusanye kila karatasi iliyonusurika: kadi ya mwanafunzi, risiti za karo, barua za udahili, mihuri ya pasipoti. Wanaokusudia kwenda Misri, Saudia au kwingineko waulize CUE kabla ya kusafiri kama chuo hicho kina ithibati katika nchi yake. Vyeti vya nje vya chini ya shahada hupelekwa KNQA. Na kwa kuwa baadhi ya waajiri hutaka barua ya chombo kimoja na wengine ya kingine, mwulize mwajiri anataka ya nani kabla ya kulipa ada.

Ikumbukwe pia kwamba kutambuliwa kwa shahada hakumpi mtu leseni ya kazi. Muuguzi bado ataandikishwa na Baraza la Wauguzi, mhandisi na Bodi ya Wahandisi, mwalimu na Tume ya Huduma za Walimu, na kila bodi ina masharti yake. Yasome masharti hayo kabla ya kuchagua kozi.

Hatua ya nane: siku unapokabidhiwa cheti

Soma jina lako papo hapo, herufi kwa herufi. Pwani yetu ina majina yanayoandikwa kwa namna nyingi: Mohamed na Muhammad, Athman na Uthman, Swaleh na Saleh, na wengi wana majina matatu katika kitambulisho na mawili katika cheti cha sekondari. Tofauti ndogo iliyovumiliwa shuleni huwa kizuizi wakati wa kuajiriwa, kwa kuwa uhakiki siku hizi hufanywa kwa aliyetoa cheti. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uhakiki wa maafisa wapatao 28,000 umefichua vyeti 2,067 vya kughushi, na tangu hapo waajiri wamekuwa wakali zaidi. Kosa la chuo au la baraza lirekebishwe kwa aliyelifanya. Tofauti ndogo ya tahajia yaweza kuelezwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo, na mabadiliko halisi ya jina huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Tengeneza nakala zilizothibitishwa na wakili, hifadhi nyingine kwa njia ya kidijitali, na usiufunike kwa plastiki waraka wa asili, kwa sababu ofisi nyingi hutaka kuugusa na kuutazama muhuri. Cheti cha KNEC kikipotea, ripoti kwa polisi kwanza, kisha uombe kwa njia ya mtandao katika mfumo wa maombi wa baraza hilo, ambako pia mwajiri au chuo cha nje chaweza kutumiwa uthibitisho wa matokeo moja kwa moja.